Pikapu Iliyofungwa Gurudumu Katesh

Siku ya kwanza kazini nilipewa koti la njano lenye mistari inayong'aa, filimbi, na mashine ndogo ya kutoa risiti, nikaambiwa nisimame getini na nisimruhusu dereva yeyote anisogeze kwa honi. Uwanja wetu wa maegesho ulikuwa Katesh, kando ya barabara kuu ya Babati kwenda Singida, karibu na soko. Ulikuwa mali ya mfanyabiashara wa nafaka tuliyemwita Mkurugenzi, ingawa ofisi yake ilikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Nilikuwa mjane mwenye watoto shuleni, na kazi ya kusimama juani haikunitisha. Baridi ya Katesh ndiyo sikuwa nimeifikiria.

Msimamizi wetu wa kwanza alikuwa mzee mpole aliyewahi kuwa utingo wa malori. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Magari madogo tuliyapanga mshazari, yaani kwa kulala upande kidogo, ili yaingie mengi na kila moja litoke bila kumwamsha jirani. Malori tuliyaweka ukutani, pua zikitazama geti. Dereva akiingia, nilimpa risiti yenye saa aliyoingia, na akitoka alilipia muda aliokaa. "Mama Neema," aliniambia, "mtazame mtu usoni kabla hujatazama namba ya gari. Uso utakuambia kama anakwenda sokoni au anakwenda msibani."

Alipoacha kazi kwa sababu ya macho, Mkurugenzi alimleta Meneja kutoka mjini. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mwenye viatu vilivyong'arishwa hata wakati wa matope, na nataka vijana mnaosoma hapa mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Aliukuta uwanja umegeuzwa stoo ya watu. Wenye malori mabovu waliyaacha wiki nzima wakitafuta vipuri, na siku ya mnada wateja wa kweli walikosa pa kuweka magari. Meneja akaleta utaratibu aliousoma huko alikotoka. Bango liliwekwa kwamba atakayezidisha muda atatozwa faini, nayo itaongezeka kila siku, na gari litafungwa gurudumu. Kifaa cha kufungia kilikuwa chuma kizito cha rangi ya machungwa, kinakumbatia tairi na kufungwa kwa kufuli. Madereva walikiita kiatu. Gari likivishwa kiatu haliendi popote mpaka Meneja atoe ufunguo.

Ni kweli kwamba malori mabovu yalipungua. Mkurugenzi alifurahi. Mimi nami nilifurahi, maana kupanga magari kulikuwa kumerudi kuwa kazi ya akili na si ugomvi.

Ndipo ikaja pikapu ya kijani ya Mzee Qamara.

Alikuwa mkulima wa Masakta, mtu mrefu mkimya, analima mahindi na mbaazi. Wengi tulimjua kwa sura kwa sababu siku za soko alikuja na mkewe. Mama yule alikaa daima kiti cha kushoto, amejifunga mgolole mzito hata mchana, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikia baridi. Asubuhi hiyo waliingia mapema, na niliona usoni kwamba hawakwenda sokoni. Mama alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo, na pumzi yake imekitia ukungu.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Nampeleka kwa daktari, hapo jirani. Siwezi kuingia na gari mpaka mlangoni, barabara imechimbwa."

Nilimsaidia kumshusha. Baadaye alirudi mbio peke yake, akaja moja kwa moja getini kwangu. "Mama, wameamua apelekwe Babati kwa gari la wagonjwa, na mimi naongozana naye. Gari langu nitalikuta hapa?"

"Utalikuta," nilimwambia. Kisha nikamfuata Meneja ofisini nikamweleza kila kitu.

Meneja aliinua macho kwenye simu yake. "Nampa pole sana. Lakini nikianza kusikiliza habari ya kila mmoja, nitajuaje nani anasema kweli? Utaratibu hauna mke, Mama Neema."

Muda ulipopita, pikapu ilivishwa kiatu. Siku nyingine zikapita, na faini ikapanda kama Meneja alivyopanga.

Mzee Qamara aliporudi alikuwa amenyoa nywele. Wote tulielewa kabla hajafungua kinywa. Alisimama mbele ya Meneja, kofia mkononi.

"Mke wangu yuko Babati, chumba cha maiti. Naomba gari nikamchukue."

"Pole sana, mzee wangu. Poleni sana," alisema Meneja, na sauti yake ilikuwa ya kweli. "Ila gari lina faini. Ukilipa tu, nafungua sasa hivi."

"Ya kuegesha nitalipa. Hiyo nyingine ni ya nini?"

"Ni ya kuzidisha muda."

Mzee Qamara aliitazama pikapu yake. Tulikuwepo watu kadhaa, na mwenye duka la vifaa vya umeme mtaa wa pili, Alhaji mmoja mwenye huruma, akaanza kutoa pochi. Mzee akamzuia kwa mkono. "Asante, mwanangu. Usinilipie. Mimi sikukataa kulipa. Nakataa kuadhibiwa kwa kufiwa." Akageuka kwa Meneja. "Basi, kaa nalo."

Mke wake alirudishwa nyumbani kwa kirikuu ya jirani, kile kigari kidogo cha mizigo, jeneza likiwa limefungwa kamba. Walipita mbele ya geti letu, na mimi nilivua kofia.

Kilichofuata nitakieleza kama nilivyokiona, bila kuongeza.

Ulikuwa msimu wa kipupwe, wakati wingu linaposhuka Mlima Hanang na kulala mjini mpaka jua lipate nguvu. Asubuhi za namna hiyo magari yote huwa na umande, nao huwa nje ya vioo. Ukipitisha kitambaa unatoka. Asubuhi moja nilikuwa nafuta vioo vya magari ya wateja wa kudumu, kazi niliyoifanya kwa hiari ili kupasha mikono moto, nikafika kwenye pikapu ya kijani. Kioo cha mbele kilitakata. Cha upande wa dereva vilevile. Cha kushoto kilikuwa cheupe. Nikapitisha kitambaa, weupe ukabaki. Nikapitisha tena. Ukungu ulikuwa ndani.

Nilijiambia ni unyevu. Asubuhi iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na safari hii, chini kidogo, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, palikuwa na sehemu iliyofutwa, kubwa kama kiganja, kama vile mtu hufuta ili aone nje.

Nilimwita mwenzangu, Petro, mlinzi wa zamu nyingine, mtu asiyependa habari za mizimu, mwimbaji wa kwaya. Alitazama muda mrefu. Kuanzia siku hiyo alipozungukia magari alipita upande wa pili.

Meneja alipoambiwa alicheka, akaja na maelezo yake, na yalikuwa ya maana. Gari kuukuu huvuja, alisema, na zulia likishika maji hutoa mvuke. Mlango wa dereva haukuwa na kitasa kizima, ulishikiliwa na mpira, kwa hiyo tuliufungua. Alipapasa zulia. Lilikuwa kavu. Akapapasa kiti cha kushoto, akaacha mkono wake hapo kidogo, kisha akautoa haraka na kuufuta kwenye suruali. "Nacho kikavu," alisema. Hatukumuuliza kwa nini anafuta mkono kama ni kikavu. Tuliacha mlango wazi kutwa nzima, jua likaingia, upepo ukapita. Kesho yake kioo cha kushoto kilikuwa cheupe, na palipofutwa pakawa papana zaidi.

Wateja hawakuambiwa, lakini waliona. Siku ya mnada, uwanja ukiwa umefurika, nafasi mbili zilizopakana na pikapu zilibaki tupu. Nilikuwa nawaelekeza madereva kwa mkono, nao wanakuja vizuri mpaka hapo, kisha wanakata usukani na kwenda kubanana kwingine. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Akasema, "Si kuna mtu anashuka pale? Namwachia nafasi ya mlango."

Faini nayo ilizidi kupanda, bila mtu wa kuilipa. Meneja akaamua kuuza pikapu ili kufidia. Alimwita fundi mnunuzi wa magari chakavu kutoka Singida, Fundi Rajabu, ambaye hakuwa na habari yoyote ya msiba wala ya kioo. Alifika mchana, jua limewaka, mimi na Petro na Meneja tumesimama hatua chache. Akazunguka gari, akapiga mateke tairi, akafungua mlango wa dereva na kuingia kukagua usukani.

Tukamsikia akisema, kwa sauti ya adabu, "Shikamoo."

Kisha akatoka taratibu, akarudishia mlango bila kuubamiza, akamjia Meneja akiwa amekasirika kidogo. "Kaka, mngeniambia kuna mama ndani. Mtu anapumzika, mimi naingia tu kama sina malezi."

Meneja alisema hakuna mtu. Fundi Rajabu akageuka. Kutoka pale tulipokuwa ilionekana wazi kwamba kiti kilikuwa kitupu. Fundi alisoma dua kwa sauti ya chini, akapanda pikipiki iliyomleta, hakuuliza hata bei.

Kuanzia hapo Meneja hakucheka tena. Asubuhi moja nilimkuta amesimama kwenye kioo cha kushoto, mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Hakuniona. Alikuwa anasema, "Mama, ni utaratibu tu wa kazi. Mimi nami nina bosi." Nilirudi nyuma polepole nikaenda getini.

Mngedhani kwamba baada ya hapo angefungua kiatu. Alitaka, naamini. Lakini Mkurugenzi alikuwa amesikia kwamba Mzee Qamara anasifiwa vijijini kwa kukataa, akahofu kila mtu atakataa. "Ukifungua bure, umebomoa uwanja wangu," alimwambia Meneja mbele yetu. "Nenda mahakamani. Tupate karatasi yenye muhuri." Hivyo kesi ya madai ikafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, nami nikaitwa kuwa shahidi wa upande wetu, kwa kuwa nilikuwa getini.

Kabla ya siku yenyewe Mkurugenzi aliniita ghalani. "Mama Neema, wewe ni mtu mzima. Unajua unakula wapi." Nilijibu kwamba najua. Watoto wangu wawili walikuwa bado wanasoma. Usiku ule sikupata usingizi.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, anayeuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Alianza na Meneja.

"Bango lenu liko wapi?"

"Ukutani, mheshimiwa, ndani ya geti."

"Ndani. Kwa hiyo mteja hulisoma akiwa ameshaingia na ameshapewa risiti?"

"Ndiyo, lakini anaweza kutoka."

"Na nyuma yake kuna foleni ya magari." Aliandika kidogo. "Mmeita tozo hii faini. Nani aliyewapa mamlaka ya kutoza faini?"

Meneja akajitetea vizuri. Alisema ni makubaliano, kwamba anayeegesha amekubali masharti, na bila adhabu uwanja ungegeuka jaa la mabati. Hakimu alitikisa kichwa kukubali sehemu hiyo. Akasema mwenye uwanja ana haki ya kulipwa, na anayevunja makubaliano hufidia hasara aliyoileta, hasara ya kweli na kwa kiasi. Ila kuadhibu ni kitu kingine. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, siku zile za mwanzo, kabla gurudumu halijafungwa, uwanja ulijaa? Kuna mteja aliyefukuzwa kwa kukosa nafasi?"

Niliwaona Mkurugenzi na Meneja kwa pembe ya jicho. "Hapana, mheshimiwa. Hujaa siku ya mnada tu. Na wakati anaondoka na mgonjwa hapakuwa na mnada."

"Mzee huyu alitoa taarifa kwamba anaondoka?"

"Alinipa mimi. Nami niliifikisha ofisini siku ile ile."

Mzee Qamara hakunitazama. Alikuwa anatazama dirisha.

Hakimu alipotoa uamuzi alisema maneno ambayo nimewaambia vijana wengi wa kazi hii. Alisema Mzee Qamara atalipa ada ya kawaida ya kuegesha kwa siku zile za mwanzo, kwa sababu uwanja si wa bure na ugonjwa haufuti deni la mtu mwingine. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Lakini tangu mlipofunga gurudumu," akamwambia Meneja, "aliyeegesha gari hilo hapo ni nyinyi. Huwezi kumzuia mtu asiondoke halafu umdai kwa kutoondoka." Akaamuru kiatu kifunguliwe siku hiyo hiyo, na gari lisiuzwe wala kuguswa.

Tulirudi uwanjani wote pamoja. Meneja mwenyewe alipiga magoti kwenye vumbi na viatu vyake vizuri, akafungua kufuli. Mzee Qamara alilipa ada yake, nikampa risiti. Halafu hakwenda upande wa usukani. Alikwenda kushoto, akafungua mlango ule, akainama ndani na kusema maneno kwa Kiiraqw. Nilikuwa karibu, na hiyo ni lugha yangu. Alisema, "Wamekuchosha kwa kusubiri. Twende." Akaufunga mlango kwa mikono yote miwili, kama mtu anayechunga nguo isibanwe.

Betri ilikuwa imekufa, ikabidi tusukume. Tulikuwa wanaume watatu nami, tumezoea kusukuma magari maisha yetu yote, na pikapu ile haikuwa na mzigo hata gunia. Lakini ilikuwa nzito upande mmoja. Petro aliyekuwa kushoto alitoka jasho mpaka shati likalowa, wakati mimi kulia nilisukuma kama natembea. Injini ikashika karibu na geti. Ikatoka, ikakata kona ya Masakta, na kioo cha kushoto kilikuwa kimeshaanza kuwa cheupe mchana ule wa jua.

Meneja aliacha kazi kabla ya mavuno. Mimi sikufukuzwa. Nilihamishiwa uwanja mpya wa Mkurugenzi kule Dongobesh, wilaya ya Mbulu, mbali na watoto, nikapanga chumba nyuma ya kituo cha magari madogo. Nilijua maana ya uhamisho huo, na Mkurugenzi alijua kwamba najua. Hata hivyo aliponiuliza uwanja mpya uweje, nilimwambia, naye alisikiliza. Bango tukaliweka nje, kabla ya geti, kwa herufi kubwa, na asiyesoma nilimsomea. Tukaweka muda wa kusamehewa, yaani dakika za mtu aliyekwama benki au kwa daktari. Anayezidisha alilipia siku ya ziada kwa bei ile ile ya siku. Kiatu hatukukinunua. Magari mabovu machache yaliachwa, ndiyo, na tuliyavumilia, na uwanja haukufilisika. Pale ndipo nilipomalizia kazi, magoti yalipokataa kusimama.

Sasa nimestaafu, nakaa Katesh na mwanangu. Vijana wenye makoti ya njano huja kuniuliza kama tozo ya uwanja wa mtu binafsi inadaiwa kisheria. Huwaambia inadaiwa ikiwa ni bei, na ikiwa mtu aliijua kabla ya kuingia. Ikiwa ni fimbo, wamwachie yule aliyepewa fimbo na sheria. Na kwamba kabla hawajafunga chochote, wajue ni nani wanayemfungia ndani yake. Hapo hudhani nasema kwa mafumbo.

Mwaka huu nilikwenda Masakta kwenye kipaimara cha mjukuu wa rafiki yangu. Baada ya chakula nilitoka kutafuta usafiri wa kurudi, jua bado liko juu, na gari lililosimama mbele yangu lilikuwa pikapu ya kijani. Mzee Qamara alikuwa amezeeka sana. Nilimwamkia, akaitikia, akanitambua kwa sauti.

"Unakwenda Katesh? Panda," alisema. "Utanisamehe, mama. Utapanda nyuma."

Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mimi ni mwanamke mzee, mwenye magoti mabovu, na hakuna mtu wa kwetu anayemketisha mama kwenye bodi la wazi huku kiti cha mbele kipo. Sikuuliza. Alishuka akanishika mkono, nikapanda, nikakaa juu ya gunia la mbaazi nikishikilia bomba, upepo wa mlima ukinipiga usoni njia nzima.

Tulipofika Katesh alinisaidia kushuka, nikamshukuru. Akarudi kwenye usukani. Lakini hakuondoka. Injini inanguruma, mikono yake iko kwenye usukani, anatazama mbele, anangoja. Nilidhani nimesahau kitu nyuma, nikaangalia, hapakuwa na kitu. Ndipo nilipoelewa. Nikazunguka mpaka upande wa kushoto, nikasimama mbele ya kioo kilichokuwa cheupe chote, nikasema, "Asante, mama. Kwaheri."

Kwa ndani, kiganja kilipita kwenye ukungu, mara moja. Kisha pikapu ikaondoka.